Ukiona Vyaelea, Vimeundwa

Mwaka uliopita timu yetu ya mpira wa kikapu ilishinda mashindano ya shule za wilaya, nasi tukaimba tangu uwanjani hata bwenini. Mwaka huu tumefungwa katika mechi ya kwanza. Vijana saba walimaliza masomo siku moja, wakaenda zao, na ufundi wote ukaenda nao. Nilibaki mimi pamoja na wadogo ambao hawajapata kucheza dakika kumi katika mechi ya kweli. Tangu siku ile najiuliza: kuupata ubingwa ni kazi gani, na kudumu nao ni kazi gani? Naona ni kazi mbili mbalimbali. Nimejifunza habari za timu moja ya Marekani iliyoziweza zote mbili, nami napenda kuwaeleza.

Timu hiyo ni San Antonio Spurs, ya mji wa San Antonio katika jimbo la Texas. Hucheza katika ligi ya wachezaji wa kulipwa iitwayo NBA, yenye timu 30. Kwa kawaida kila timu hucheza mechi 82 kwa msimu, kisha timu bora huingia katika mtoano wa kumtafuta bingwa. Spurs walichukua ubingwa mara tano: mwaka 1999, 2003, 2005, 2007 na 2014. Tena, tangu mwaka 1998 mpaka 2019, misimu 22 mfululizo, hawakukosa mtoano hata mara moja. Mtoto aliyezaliwa mwanzo wa habari hiyo alikuwa mtu mzima ilipokwisha.

Kwanza yafaa tujue sheria za ligi hiyo, maana zimetungwa kwa makusudi ili mwenye nguvu asitawale milele. Kila mwaka timu huchagua vijana wapya kwa zamu. Zile zilizofanya vibaya hupigiwa kura ya bahati ili zipate zamu za mbele, na zilizoshinda hungoja nyuma. Kadhalika pana kikomo cha jumla ya mishahara, na timu inayopita mpaka fulani hutozwa kodi. Basi bingwa hubanwa pande mbili: huchagua mwisho, na wachezaji wake, wakiisha kupata jina, hutaka fedha nyingi zaidi. Spurs walifanyaje?

Jambo la kwanza ni bahati, wala tusilifiche. Katika msimu wa 1996 hadi 1997 mchezaji wao mkubwa, David Robinson, aliumia, wakashinda mechi 20 tu na kushindwa 62. Boston na Vancouver walifanya vibaya kuliko wao, walakini kura ya mwaka 1997 ilipopigwa, zamu ya kwanza iliwaangukia Spurs. Wakamchagua Tim Duncan, kijana wa kisiwa cha St. Croix, aliyekuwa mwogeleaji utotoni na aliyekaa chuo kikuu miaka minne kabla ya kuingia ligi.

Lakini bahati peke yake haitoshi. Orlando Magic walipata zamu ya kwanza miaka miwili mfululizo, 1992 na 1993. Ile ya mwaka 1992 iliwapa Shaquille O'Neal, jitu la mchezaji. Mwaka 1995 wakafika fainali, wakafungwa na Houston mechi zote nne. Mwaka 1996 O'Neal akahamia Los Angeles, na Orlando wakarudi nyuma bila taji. Bahati ni mvua: humnyeshea aliyelima na asiyelima.

Jambo la pili ni kutafuta mahali ambapo wengine hawatazami. Spurs walipokuwa washindi walichagua nyuma, basi macho yao wakayatupa nje ya Marekani. Mwaka 1999 walimchagua Manu Ginobili wa Argentina, akiwa wa 57 kati ya vijana 58. Wakamwacha akomae kwanza katika timu za Italia, akaja mwaka 2002. Mwaka 2001 wakamchagua Tony Parker kutoka Ufaransa, akiwa wa 28. Hao wawili, waliopitwa na karibu kila timu, ndio waliosimama pamoja na Duncan na kuchukua mataji manne.

Jambo la tatu ni kupanda mti mpya wakati wa zamani ungali una kivuli. Mwaka 2011 Spurs walikuwa wametoka kushinda mechi 61, na walikuwa na kijana aitwaye George Hill aliyependwa sana na mwalimu wao, Gregg Popovich. Walakini waliona kwamba Duncan amepita miaka 35. Wakampeleka Hill kwa Indiana, wakapewa kijana aliyechaguliwa wa 15, Kawhi Leonard. Miaka mitatu baadaye Leonard alitajwa mchezaji bora wa fainali.

Jambo la nne ndilo lililonigusa zaidi, maana halinunuliwi. Ni wakubwa kukubali kupungua. Robinson alikuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 1995. Duncan alipokuja, alikubali mchezo upite kwa kijana. Ginobili alikuwa ameipatia nchi yake medali ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 2004, lakini kwa miaka mingi alianza mechi akiwa benchi, ili kikosi cha pili nacho kiwe na kiongozi. Duncan alikuwa akipata zaidi ya dola milioni 21 kwa msimu; mwaka 2012 alitia sahihi mkataba mpya wa chini ya nusu ya kiasi hicho kwa mwaka, na timu ikabaki na nafasi ya kuwalipa wengine.

Matunda yake yalionekana baada ya maumivu. Katika fainali za mwaka 2013 Spurs walikuwa wakiongoza Miami mechi tatu kwa mbili. Katika mechi ya sita waliongoza kwa pointi tano zikiwa zimebaki sekunde 28. Ray Allen wa Miami akasawazisha zikiwa zimebaki sekunde tano, Spurs wakafungwa katika muda wa nyongeza, kisha wakafungwa mechi ya saba. Timu nyingine ingevunjika kwa lawama. Hawa walirudi na wachezaji wao wakubwa wale wale, wakagawana kazi zaidi. Mechi ya NBA ina dakika 48. Katika msimu ule uliofuata hakuna hata mmoja wao aliyefikisha wastani wa dakika 30. Mwezi wa Juni 2014 wakakutana tena na Miami, wakashinda mechi nne kwa moja.

Sisemi kwamba waligundua dawa ya milele. Duncan alistaafu mwaka 2016. Mwaka 2018 Leonard alitaka kuondoka, akapelekwa Toronto, na mwaka 2019 akaupata ubingwa huko. Mwaka 2020 Spurs walikosa mtoano. Kila chombo huvuja. Tofauti ni nani anayeziba mapema na nani anayengoja maji yafike magotini.

Sasa nitaungama jambo. Wiki tatu zilizopita Padre anayesimamia michezo aliniita akaniambia, "Mwanangu, nafasi yako ataanza mtoto wa kidato cha pili. Wewe utaingia baadaye." Mimi ni kapteni, nina miaka 19, na huu ni mwaka wangu wa mwisho. Niliikunja fulana yangu nikampelekea. Hakuipokea, wala hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Mwakani wewe utakuwa wapi, na yeye atakuwa wapi?"

Sikuwa na jibu, nikarudi bwenini na fulana yangu. Nikawakumbuka wale saba walioondoka. Walikuwa hodari kuliko sisi, lakini hawakumfundisha mtu, na mimi niliyecheza nao sikuwaomba wafundishe. Tuliula ubingwa wote mwaka ule ule, bila kubakiza mbegu.

Siku hizi, baada ya kazi za mikono, namfundisha yule mtoto kurusha kwa mkono wa kushoto na kumtazama mwenzake kabla ya kupiga pasi. Ni mwepesi wa kuelewa, na mara nyingine hunipita, jambo ambalo bado linaniuma kidogo. Jumamosi ijayo tutacheza nyumbani. Nitaanza benchi. Njoni mtushangilie, na mkimwona mdogo huyo akifunga, basi mjue kwamba mwakani shule itakuwa na timu.