Tovuti Isife Mradi Ukifa

Ukishuka Muhumba kuelekea Ziwa Kivu, utaona vibao vya mashirika kila penye geti. Kijana anayefungua ofisi ya kutengeneza tovuti na programu hapa Bukavu huanza na wateja hao, kisha hufuata shule, zahanati na hoteli. Shida ni kwamba mashirika huishi kwa miradi, na kila mradi una tarehe yake ya kufungwa. Tovuti uliyoijenga kwa fedha za mradi ina hatari ya kuzikwa pamoja nao.

Mimi nilijifunza kwa uchungu. Mkurugenzi wa shirika dogo alinipigia simu asubuhi moja: "Mdogo wangu, tovuti yetu imeenda wapi?" Nilipoifungua nikakuta matangazo ya kamari. Jina la tovuti lilikuwa limesajiliwa kwa baruapepe ya mtumishi aliyeondoka mradi ulipokwisha. Ilani za kulipia zilikuwa zikiingia kwenye sanduku lisilofunguliwa na mtu. Ripoti na picha za miaka zilipotea, na nakala hazikuwepo. Mimi ndiye niliyepaswa kuuliza jina hilo ni la nani kabla sijagusa kibodi. Sikuuliza.

Kwa hiyo anza na jina. Lisajili kwa jina la shirika, kwa anwani ya ofisi inayosomwa na watu wawili au zaidi, kamwe si kwa anwani yako wala ya mtumishi wa mkataba wa miezi sita. Ukichelewa kulipia jina la .com, kampuni nyingi za usajili hukuvumilia wiki chache. Baadaye huja siku 30 za kulikomboa kwa bei iliyopanda sana, kisha siku 5 za kungoja, halafu yeyote duniani anaweza kulichukua. Dawa ni kulipia miaka kadhaa mapema, wakati mradi bado una fedha: .com huruhusu hadi miaka 10. Iandike gharama hiyo kwenye mstari wake katika profoma, ili mhasibu wa shirika aione na kuiombea bajeti. Mradi ukishafungwa, hata dola kumi na tano huwa ngumu kupatikana.

Sasa malipo. Mimi hudai nusu kabla ya kuanza, robo mteja anapoiona kazi kwenye simu yake mwenyewe, na robo ya mwisho kabla sijakabidhi maneno ya siri. Usione haya kumwambia hivyo mkubwa wa shirika. Mwambie kwa heshima, lakini mwambie mapema. Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini na benki zikafunga milango, pesa nyingi hupita kwenye simu. Basi mkataba utaje sarafu, dola au faranga, na useme nani anabeba ada ya kutoa pesa kwenye M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Ukiacha jambo hilo bila kuandikwa, ada hiyo itakula faida yako polepole.

Mashirika pia hupenda karatasi. Mengi yatakuomba namba ya RCCM, yaani ya daftari la usajili wa biashara, kabla ya kukupa kazi. Kama bado huna uwezo wa kusajili kampuni, sheria za biashara za OHADA, jumuiya ambayo Kongo yetu ilijiunga nayo Septemba 2012, zina hadhi nyepesi ya "entreprenant" kwa mtu anayeanza na biashara ndogo: hutoa tamko tu.

Umeme usikusimamishe kazi. Mitambo ya umeme ya Mto Ruzizi, unaotoka Ziwa Kivu, iko karibu nasi, lakini taa huzimika. Nunua betri na inveta kabla ya kununua kompyuta ya pili. Tumia Git, kwa sababu inakuwezesha kuhifadhi kila hatua kwenye mashine yako bila intaneti, kisha unatuma zote mtandao ukirudi.

Na jenga tovuti nyepesi. Msomaji wa hapa mjini, Kadutu au Bagira, hununua megabaiti kwa pesa ya chakula. Picha iliyotoka kwenye simu ikiwa na megabaiti 4 ipunguze hadi kilobaiti 150 au chini ya hapo. Kwa shirika lisilo na fundi wa kudumu, mimi hupendelea kurasa za HTML pekee kuliko WordPress, kwa sababu WordPress isiyosasishwa ni mlango ulioachwa wazi. Mteja akisisitiza WordPress, mwekee bei ya matunzo kila mwezi, na asipokubali kuilipa, usiijenge.

Siku ya kukabidhi, leta ukurasa mmoja uliochapwa: jina limesajiliwa wapi, seva iko wapi, kila kitu kinaisha tarehe gani, nakala zimewekwa wapi. Mkurugenzi aweke sahihi na muhuri, nakala mbili. Kisha mwombe katibu wa ofisi aketi kwenye kiti chako, aingie kwa neno la siri jipya alilolichagua mwenyewe, abadilishe sentensi moja na kuweka picha moja. Akikwama, usishike kipanya. Ngoja mpaka afanikiwe.