Rafiki Akikuomba Umfichie Deni

Wadogo zangu, leo sizunguki. Kuna binti wa chuo kaniandikia kuhusu besti yake wanayelala naye chumba kimoja hosteli. Besti huyo amelimaliza bumu lote kwenye mikeka ya kubeti, akakopa kwa watu wa kausha damu ili arudishe alichopoteza, nacho kikapotea. Wenzao wakiuliza, binti huyu ndiye anayejibu kwamba mwenzake hana shida yoyote. Kwao wakipiga simu, ndiye anayesema kaenda maktaba. Na kaambiwa waziwazi: ukinitaja, urafiki wetu umekwisha. Anauliza, nikisema si nitakuwa msaliti?

Mdogo wangu, nakuletea riwaya, maana sijasoma mahali pengine palipolitazama swali lako kwa ujasiri kama humo. Inaitwa Six of Crows, ya Leigh Bardugo, mwandishi wa Marekani aliyezaliwa Jerusalem na kukulia Los Angeles. Imeandikwa kwa Kiingereza, ilitoka mwaka 2015, na mwendelezo wake, Crooked Kingdom, ukafuata 2016. Ni hadithi ya kubuni yenye uchawi, na ina giza kwelikweli. Mji wake ni Ketterdam, bandari ya mifereji inayokumbusha Amsterdam ya zamani, ambako kila kitu kina bei, watu wakiwemo. Vijana sita wanapewa kazi ya kuingia Ice Court, ngome ya nchi ya baridi ambayo haijawahi kuvunjwa, wamtoe mwanasayansi anayejua siri ya dawa iitwayo jurda parem. Mwenye kipaji cha uchawi akiila anapata nguvu za kutisha, halafu inamwangamiza. Malipo ni kruge milioni 30. Mizinga na milango ya siri nakuachia ujisomee. Mimi nataka tumtazame mmoja tu kati ya hao sita.

Jesper Fahey ni mlenga shabaha asiyekosa, mcheshi, mtu ambaye chumba hubadilika akiingia. Baba yake, mkulima wa ng'ambo, alimpeleka Ketterdam kusoma chuo kikuu. Kijana akaonja meza za kamari. Masomo yakafa kimyakimya, madeni yakazaliana. Wenzake wanajua kwamba anacheza. Wanamvumilia, maisha yanaendelea.

Kabla ya safari, akijaribu kuwatuliza wanaomdai, Jesper anadokeza kwamba anasafiri na karibuni atakuwa na pesa. Basi. Hakumuuza mtu wala hakupanga ubaya. Lakini dokezo hilo linamfikia Pekka Rollins, mkuu wa genge pinzani, na vijana wanaposhuka bandarini kuondoka wanakuta wamesubiriwa kwa silaha. Inej, binti anayepita juu ya mapaa bila kusikika, anachomwa kisu. Anaukwea mrundo wa makasha huku damu ikimtoka, na almanusura afe. Melini anabaki mikononi mwa Nina, mwenzao ambaye kipaji chake cha uchawi alifundishwa kukitumia vitani na hakuwahi kusomea kuponya.

Hapo ndipo ninapotaka usimame. Jesper anampenda Inej. Angesimama mbele ya risasi kwa ajili yake, na alishafanya ya hatari zaidi ya hayo. Mapenzi yote hayo hayakumsaidia Inej chochote, kwa sababu mwenye deni la siri hutafuta maneno ya kununulia muda, na hawezi kuyachagulia maneno hayo yamfikie nani. Besti yako yuko hapohapo alipokuwa Jesper. Wakopeshaji wa kwenye simu wamezoea kuwapigia watu waliomo kwenye simu ya mdaiwa, na wewe unayelala naye chumba kimoja sidhani kama uko mbali kwenye orodha hiyo. Wazazi wake nao wamo.

Na wazazi ndio walionitoa machozi kwenye kitabu cha pili. Baba yake Jesper, mzee Colm, anafunga safari mwenyewe hadi Ketterdam. Ameweka shamba rehani ili mwanawe asome, anaamini kijana anakaribia kuhitimu, na sasa benki inadai chake. Wanakutana kwenye viwanja vya chuo ambacho Jesper hasomi tena. Nikifika hapo huwa nafunga kitabu kwanza. Nawafikiria ninyi mnaosomeshwa kwa ng'ombe waliouzwa na viwanja vilivyowekwa dhamana, na sauti za mama zenu kwenye simu mnazozijibu kwa furaha ya kuigiza. Jambo ambalo Jesper hakulitegemea ni kwamba ukweli ulipotoka, mzee aliumia lakini hakumtupa. Alibaki, tena akaingia mwenyewe kwenye mpango wa kuwanusuru. Sikuahidi kwamba kila mzazi atakuwa hivyo. Nasema tu kwamba Jesper alikuwa ameshamhukumu baba yake bila kumpa nafasi ya kujibu.

Sasa kiongozi wao, Kaz Brekker, ambaye najua wengi mtampenda kupita kiasi. Ana miaka 17, anatembea kwa mkongojo (Bardugo mwenyewe ana maradhi ya mifupa na kuna nyakati hutumia mkongojo, ndiyo maana maumivu ya mguu wa Kaz hayakupambwa). Kaka yake Jordie alitapeliwa, kisha tauni ikamwua, na Kaz aliokoka kwa kung'ang'ania maiti ya kaka yake mpaka ufukweni. Anapogundua kwamba dokezo lilitoka kwa Jesper, anamwadhibu kwa ubaridi. Hamfukuzi, hamsamehi, anamwacha aning'inie. Baadaye wanapigana ngumi, na katikati ya hasira Kaz anamwita Jesper kwa jina la Jordie. Kumbe alikuwa amempa nafasi ya kaka yake bila kumwambia! Hapa simtetei Kaz hata kidogo. Kununa si uaminifu. Jesper aliteseka muda wote huo akidhani hana thamani kwa mtu aliyemwona kama ndugu, na sentensi moja ingetosha kumweleza ukubwa wa alichokivunja.

Utaniuliza, kwa hiyo siri zote zitoke? Hapana. Katika kundi hilohilo yumo Wylan, mtoto wa tajiri, ambaye hawezi kusoma maandishi, na baba yake anamwona aibu ya ukoo. Baba anaitoa siri hiyo mbele ya watu ili kumvunja. Marafiki hawamcheki, Jesper anamsimamia palepale, na baadaye ndiye anayemsomea. Siri ya Wylan haimdhuru mtu, na mwenye haki ya kuisema ni Wylan peke yake. Ukipewa ya namna hiyo, ifunge hata wakikubembeleza. Deni la besti yako linakua kila wiki na lina watu wanaolifuatilia. Usiyatie kwenye kapu moja.

Basi fanya hivi. Anza naye yeye, wawili tu, siku ambayo hajatoka kupoteza mkeka. Mwambie umechoka kumsemea uongo na hutausema tena. Muulize kiasi kamili na majina ya wanaomdai, mkaandike kwenye karatasi. Mpe siku chache awaambie kwao mwenyewe, ukijitolea kukaa pembeni yake anapopiga simu, na mwende pamoja kwa mshauri wa wanafunzi chuoni kwenu. Pesa yako ya kula usimpe akalipe deni, na usisaini udhamini wowote, hata akilia. Siku hizo zikipita hajasema, mwambie mapema kwamba unawapigia kwao, kisha wapigie kweli. Usizunguke nyuma yake, wala usiwape watu wa hosteli habari.

Inawezekana akakununia muhula mzima. Inawezekana akawaambia watu umemchoma. Itakuuma, na mimi sitakudanganya kwamba hutaumia. Lakini huko kwao watajua mtoto wao yuko wapi kabla mkopeshaji hajawaambia.

Kitabu chenyewe, wenye chini ya miaka 15 wasubiri kidogo. Kuna mauaji mengi, na Inej ana historia ya kuuzwa kwenye danguro ambayo mwandishi ameieleza kwa staha lakini hakuificha. Wengine anzeni na Six of Crows, msiruke kwenda cha pili. Nawe binti wa hosteli, ukishazungumza naye niandikie, hata kama hakukuelewa.