Gemu la zamani: angalia nchi kabla hujapanga bei

Wauzaji wenzangu, mwaka juzi nilitoa 80,000, nusu ya mtaji niliokuwa nao, nikanunua Sega Mega Drive na kaseti moja ya Sonic kwa mama mmoja Marangu. Mwanae alikuja nayo zamani kutoka Uingereza. Moshi nzima sijawahi kuiona kaseti ile, nikajua hii dhahabu. Nikaipost peke yake kwa 200,000. Miezi minne, laiki tu.

Kosa langu nilipima uadimu kwa macho ya Moshi. Huku tulikua na zile TV gemu za Kichina za kaseti za njano, Sega lazima tuione ngeni. Kumbe Sonic ya 1991 Ulaya na Marekani iliwekwa mpaka ndani ya boksi la mashine. Zipo za kumwaga!

Kwa hiyo uliza kwanza: kaseti ya nchi gani? Chukua Mega Man: The Wily Wars. Japani ilitoka kwa kaseti 1994, Ulaya 1995. Marekani miaka ile waliicheza kupitia Sega Channel, kwa waya wa kebo ya TV, kaseti hakuna. Mtu akikuletea "orijino ya Marekani ya 1995", unapigwa. Halafu mashine hiyo Marekani inaitwa Genesis, kwa hiyo soma jina kwenye lebo.

Bei angalia eBay upande wa zilizouzwa. Kutangaza milioni hata mimi naweza, nani kanunua?

Sonic yangu iliondoka kwa 15,000, akaichukua dogo wa Arusha. Mashine bado ninayo.