Kanzu ya Pili Ni ya Nani?

Andiko la somo: Luka 3:7-14
Soma pia: Kutoka 22:26-27, Yakobo 2:1-9, Mathayo 6:1-4



Ukitoka Thika ukija huku kwetu Kenol, lazima upite Kabati. Jumapili iliyopita niliwaambia akina mama kwamba wengi wetu tumeokoka, tumesafiri na Bwana hadi Kenol, lakini mioyo yetu bado imekwama Kabati. Walicheka sana. Mimi pia nilicheka, ingawa nilikuwa najisema mwenyewe. Nimeombwa niliandike somo hilo, ili na wale ambao hawakuwepo walipate.

Nilichosema mlangoni

Mwaka jana, mwezi wa tatu, nilikuwa kwenye zamu ya kukaribisha watu mlangoni. Dada mmoja akaja amevaa gauni lake la kijani, lile lile alilokuwa amevaa Jumapili zilizotangulia. Nikamwambia kwa utani, "Dada, leo tena ni ya kijani?" Akacheka. Nami nikacheka, nikampa mkono, akaingia.

Jumapili iliyofuata hakuja. Ikapita ya pili, ya tatu, ikawa miezi miwili. Nikasema kama tunavyosemaga: "Labda amepoa kiroho." Hata kwenye mkesha nilimtaja mbele za Bwana, ati amwamshe.

Mwezi wa tano kiongozi wa ushirika wetu wa nyumbani alinituma nimtembelee. Ilikuwa Jumamosi, na nilimkuta anafua gauni lile la kijani. Nikafurahi, nikamuuliza kama anajiandaa kuja ibadani kesho. Akasema kila Jumamosi huwa analifua. Ikifika asubuhi ndiyo anashindwa.

Tukaingia ndani, akanipikia chai, akanieleza bila hasira yoyote. Tangu mtoto wake aingie sekondari, kila shilingi ilikuwa inaenda kwa karo. Nguo ya kutokea mbele za watu ilikuwa imebaki moja. Akiifua Jumamosi, aivae Jumapili. Mvua ya mwezi wa nne ilipoanza, nguo haikauki. Na wiki ambayo ilikauka, akikumbuka yale maneno ya mlangoni, miguu inakuwa mizito. "Niliona nitawachosha macho," akasema.

Sikuwa na jibu. Kumbe nilikuwa naomba Mungu amlete mtu ambaye mimi mwenyewe ndiye nilimrudisha.

Nilipohesabu

Usiku huo nilitoa nguo zangu zote: za kabatini, za kwenye sanduku chini ya kitanda, na za ule mfuko unaoning'inia nyuma ya mlango. Nikazirundika kitandani. Za ndani na za shamba sikuhesabu. Magauni 23, sketi 17, blauzi 34, sweta na majaketi 12. Jumla 86. Nane kati yake sikuwa nimevaa hata mara moja. Mume wangu aliziangalia, akaniangalia, hakusema neno. Afadhali angesema.

Zilitoka wapi? Karibu zote ni mitumba, mia hapa, mia mbili pale. Robota likifunguliwa, mimi ndiye wa kwanza kuinama nikitafuta kamera kabla wengine hawajafika. Nisieleweke vibaya. Mitumba imetuvalisha, na wako watu ndani ya kanisa hili wanaosomesha watoto kwa kuamka usiku kwenda Gikomba. Kosa halikuwa la muuzaji. Kosa ni kwamba kwa sababu bei ilikuwa ndogo, sikuwahi kujiuliza ile nguo inakuja nyumbani kwangu kufanya nini. Nilipopiga hesabu ya shilingi 200 tu kwa kila nguo, nilipata 17,200. Na mwaka huo huo nilikuwa nimechelewesha mchango wa chama mara mbili, nikisema pesa hakuna.

Mtakumbuka mwaka wa 2020, korona ilipoingia, serikali ilisimamisha uingizaji wa mitumba mwezi wa tatu, ikaruhusu tena mwezi wa nane. Kwa wanaouza ilikuwa taabu kubwa, na tuliomba pamoja nao. Lakini mimi niliyekuwa mnunuzi sikukosa cha kuvaa hata siku moja. Bwana alikuwa ameshanifundisha wakati ule, ila sikusikia.

Sanduku la mama yangu

Mama yangu alikuwa na sanduku moja la bati. Ndani yake mlikuwa na nguo ya shamba, nguo ya soko, nguo ya Jumapili, sweta, leso na kitambaa cha kichwa. Ya Jumapili ikichakaa, inashuka kuwa ya soko. Ya soko inashuka kuwa ya shamba. Ya shamba inamalizia kwa kupangusa sakafu. Sikumbuki akisimama mbele ya lile sanduku na kusema hana cha kuvaa. Mimi mwenye 86 nilikuwa nasema hivyo kila Jumapili, na tunachelewa kipindi cha sifa.

Siku hizi vijana wetu wanaona kwenye simu mafundisho ya kuwa na kabati dogo, yaani nguo chache zilizo nzuri na zinazooana. Si jambo geni. Huko London, miaka ya 1970, mama mmoja mwenye duka la nguo aitwaye Susie Faux ndiye aliyeanza kuwafundisha wateja wake hivyo. Ni hekima nzuri na nimeitumia, kama mtakavyoona. Lakini hekima hiyo inaniangalia mimi tu: nipendeze, nisipoteze muda, nisipoteze pesa. Neno la Mungu linaenda mbele kidogo na kuuliza habari za jirani.

Neno linasema nini?

Katika Luka 3, watu wamemwendea Yohana jangwani wabatizwe. Anawahubiria toba kwa maneno makali, nao wanamuuliza wafanye nini. Unaweza kudhani atawaambia wafunge siku tatu. Lakini anawaambia kwamba aliye na kanzu mbili amgawie asiye nayo, na mwenye chakula vivyo hivyo. Toba yao ilitakiwa ionekane kwenye nguo na kwenye sufuria.

Siku zile kanzu lilikuwa vazi la ndani, na joho linavaliwa juu yake. Mtu mwenye kanzu mbili hakuwa tajiri. Alikuwa na moja mwilini na moja ya akiba. Kama mwenye mbili aliambiwa hivyo, mwenye 86 ataambiwa nini?

Soma tena Kutoka 22:26-27. Mungu anaagiza kwamba ukichukua vazi la jirani yako kuwa rehani, umrudishie kabla jua halijazama, kwa kuwa hilo ndilo pekee alilo nalo la kujifunika usiku. Tena anasema huyo mtu akimlilia, atamsikia. Wapendwa, Mungu wetu anamjua mtu mwenye nguo moja, na anaangalia hata jua linazama saa ngapi kwa ajili yake. Niliposoma hapo nililiona lile gauni la kijani kwenye kamba, na mawingu yametanda.

Halafu Yakobo 2. Sisi tunasema kanisani kwetu hakuna mtu anayeambiwa akae chini kwa sababu ya mavazi yake. Ni kweli. Lakini tujichunguze pale mlangoni. "Wah, mama, umependeza!" Hayo tunamwambia nani? Aliyevaa mpya. Aliyevaa ya juzi anapita kimya, au anapata utani kama wangu.

Kosa langu la pili

Nilipomaliza kuhesabu, nilijaza gunia. Ndani nikatia sketi yenye zipu iliyokufa, sweta lililotoboka kiwiko, na blauzi zilizopauka. Nikampelekea yule dada. Alipokea kwa mikono miwili, akakunja moja moja, akanishukuru, akaniombea. Nikarudi nyumbani nikijiona nimetii Neno.

Usiku usingizi ukakataa. Nilikuwa nimempa yale ambayo mimi mwenyewe nimekataa kuvaa, nikamwachia kazi ya kunitupia takataka. Kanzu ya pili ambayo Yohana aliitaja ni nzima kama ile ya kwanza.

Nikarudi kwake wiki hiyo hiyo nikiwa na suti yangu ya bluu, ile niliyovaa Pasaka, na gauni moja ambalo nilikuwa nalipenda. Lakini kabla ya kufungua mfuko nilimwomba msamaha kwa yale maneno ya mlangoni. Alinyamaza muda, kisha akasema, "Mama, hilo ndilo nilikuwa nangoja. Nguo hata singeuliza."

Jinsi ya kulifanya

1. Toa nguo zote siku moja, uzirundike mahali pamoja. Ukipunguza kidogo kidogo hutashtuka, na ni vizuri ushtuke.

2. Gawa mafungu matatu: ninazovaa, zinazohitaji fundi, na nisizovaa. Za fundi jipe wiki mbili. Zikipita kabla hujazipeleka, ujue hutazipeleka.

3. Baki na zinazooana. Sketi 3 na blauzi 5 ambazo kila moja inakubaliana na nyingine zinakupa mavazi 15 tofauti. Mimi nilichagua bluu ya giza, nyeusi na kahawia. Nyeupe mnajua wenyewe habari ya udongo wetu mwekundu. Nimebaki na nguo 24, na sijachelewa ibada kwa sababu ya kabati tena.

4. Unayotoa ifue, ishone kifungo, ipige pasi. Kama wewe huwezi kuivaa kanisani, usimpe mwenzako aivae kanisani.

5. Toa kwa siri, kama Bwana alivyofundisha katika Mathayo 6. Nenda jioni, usitangaze. Mwache achague, na akikataa usinune.

6. Ikiingia moja, itoke moja. Zile mia mia nilizokuwa nainamia nazo kwenye robota sasa zinaenda chama, na sijachelewa tena.

Na akina baba, somo hili ni lenu pia. Kuna viatu na makoti yanayolala humo miaka. Lakini akina mama, tafadhali, usigawe suti ya mzee bila kumuuliza!

Aliporudi

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa sita nilikuwa tena kwenye zamu ya mlango. Nikamwona anakuja. Alikuwa amevaa gauni la kijani.

Nitasema ukweli: mwili ulitaka kuuliza suti yangu ya bluu iko wapi. Roho Mtakatifu akanishika mdomo. Nikampa mkono, nikamwambia, "Karibu sana dada, tulikukosa." Zamu ilipoisha nikaenda kukaa karibu naye, tukashiriki kitabu kimoja cha nyimbo. Wiki tatu baadaye alivaa ile suti, na inamkaa vizuri kuliko ilivyokuwa ikinikaa mimi. Yeye mwenyewe amenipa ruhusa nisimulie haya bila kutaja jina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni nguo gani uliyo nayo ambayo hujavaa mwaka mzima? Unaiweka kwa sababu gani?
2. Ni nani ambaye hatumwoni ibadani siku hizi? Kabla ya kusema amepoa, ni nani kati yetu amemtembelea?
3. Je, kuna neno ulilomwambia mtu kuhusu mavazi yake ambalo unahitaji kuliombea msamaha kwake, si kwa Mungu peke yake?

Tuombe

Baba, tunakushukuru kwa kutuvisha. Utusamehe kwa vile tulivyoweka na kwa yale tuliyosema. Utupe macho ya kumwona ndugu yetu kabla ya kuona nguo yake, na moyo wa kutoa kilicho kizima. Kwa jina la Yesu. Amina.