Chakula cha Jioni cha Mtoto Mdogo

Katika somo hili twataka kuwaangalia watoto walio kati ya mwaka 1 na miaka 3, yaani wale ambao hawabebwi tena mgongoni kila saa, walakini hawajaweza bado kushindana na ndugu zao penye sinia. Hao ndio wapungukiwao upesi, na mara nyingi hupungukiwa jioni.

Maana desturi ya nyumba zetu nyingi yajulikana. Mama hurudi kutoka shambani au sokoni saa 12. Kwanza huteka maji, huwasha moto, huchambua mboga. Ugali huepuliwa saa 2 au saa 3 ya usiku. Wakubwa waweza kungoja. Mtoto hawezi: hupewa kikombe cha chai, husinzia mkekani, akalala. Asubuhi watu husema, "Mtoto huyu hapendi kula." Sivyo; alilala kabla chakula hakijaiva. Tena chai ile huyazuia madini ya chuma yaliyomo katika mboga na kunde yasiingie vema mwilini, na chuma ndicho kiujengacho damu. Basi shauri letu la kwanza, ambalo lapita yote yatakayofuata, ni hili: chakula cha mtoto kitangulie. Kiwe tayari jua linapokuchwa, hata kama wakubwa watakula usiku wa manane.

Lakini kuharakisha si kukoroga uji mwepesi. Tumbo la mtoto ni dogo. Uji utiririkao kama maji hulijaza, na nguvu iliyomo ni haba. Chakula kiwe kizito hata kikae juu ya kijiko bila kumwagika. Wala unga peke yake hautoshi. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi ya Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliandika habari za watoto waliovimba miguu na kubadilika rangi ya nywele na ngozi. Chakula walicholishwa kilikuwa cha mahindi tu. Mwaka 1935 akaueneza ugonjwa huo kwa jina alilolisikia kwa Waga wa huko, kwashiorkor, nalo ni jina la ugonjwa wa mtoto ambaye mdogo wake amezaliwa akaipokea nafasi yake. Kwa Kiswahili twauita unyafuzi. Wenyeji wale waliona vema: mtoto aondolewapo penye ziwa, ni lazima apewe kitu cha kujenga mwili badala yake.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, lashauri mtoto wa miezi 6 hadi 23 ale kila siku nyama, samaki au mayai, pamoja na mboga na matunda. Msomaji atauliza, Fedha ya nyama yatoka wapi? Hatusemi nyama kila siku. Twaa dagaa wakavu, uwaoshe mchanga, uwakaange bila mafuta hata wakauke kabisa, uwatwange wawe unga laini, uuweke katika chombo safi chenye kifuniko. Kijiko kimoja cha unga huo katika ndizi zilizopondwa, au katika viazi, ni kazi ya kufumba na kufumbua. Yai nalo huiva kwa dakika 10. Lipondwe pamoja na parachichi, ambalo halihitaji moto wowote. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa vina vitamini A nyingi: vichemshe na maganda yake, uvimenye, utie mafuta kidogo, maana vitamini hiyo huingia mwilini vema pamoja na mafuta. Siku ya kunde, twapendelea choroko kuliko maharage, kwa kuwa zikilowekwa tangu asubuhi huiva upesi. Na nyumba za Uchagani zina mtori, ndizi na nyama vilivyopondwa pamoja. Watu humpikia mzazi; kwa nini mtoto asipewe bakuli dogo?

Juu ya unga wa lishe wenye nafaka saba na karanga ndani yake, hatuusifu sana. Wingi wa nafaka hauongezi ujenzi wa mwili kama watu wadhanivyo, na karanga zilizosagwa na kukaa huchacha. Tena karanga na mahindi vyaweza kuwa na sumukuvu, ambayo kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Karanga zichaguliwe, zilizoota ukungu au kusinyaa zitupwe, na nzuri zitwangwe kidogo kidogo siku ya kutumiwa. Karanga nzima mtoto mdogo asipewe kamwe, humkaba koo.

Kwa mtoto wa mwaka wa pili, kadiri ya mlo mmoja ni robo tatu ya kikombe cha mililita 250 hata kikombe kizima. Awe na bakuli lake mwenyewe, ili ijulikane amekula kiasi gani. Penye sinia hakuna ajuaye. Ziwa, kama bado anyonya, lisimkatazwe hata atimize miaka 2 au zaidi. Asilazimishwe, bali aketi mtu karibu naye, amngoje, amsemeze. Na mtu huyo si lazima awe mama, ambaye saa hiyo yuko jikoni akisonga ugali wa wengine. Baba aketiye barazani akiungoja ana mikono miwili, na kijiko cha mtoto si kizito.