Sukari ya Embe na Sukari ya Damu: Kihisi cha Glukosi kwa Maelezo ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Katika mazungumzo ya kila siku nchini Kenya, neno sukari hubeba maana tatu: kitiwacho katika chai, ugonjwa wa kisukari, na glukosi iliyomo damuni. Aghalabu muktadha hututosheleza. Makala haya yanaonyesha mahali usipotosha, kwa kueleza namna kihisi cha kielektrokemia kinavyopima glukosi.

2.0 Utendakazi wa Kihisi

Wazo la kutumia elektrodi yenye kimeng'enya lilitolewa na Leland Clark na Champ Lyons nchini Marekani mwaka wa 1962. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali. Katika ukanda mdogo wa kupimia unaochomekwa kwenye kifaa cha mkononi, mna elektrodi pamoja na kimeng'enya hicho.

Tone la damu likishafyonzwa, kimeng'enya huondoa elektroni kutoka kwa glukosi. Kemikali nyingine, ambayo twaweza kuiita mjumbe, huzipokea na kuzifikisha kwenye elektrodi. Hapo hutokea mkondo hafifu wa umeme. Glukosi ikizidi, mkondo nao huzidi. Kifaa huupima mkondo huo na kuugeuza kuwa tarakimu, kwa milimoli kwa lita au miligramu kwa desilita. Milimoli 1 ya glukosi kwa lita ni sawa na takribani miligramu 18 kwa desilita.

3.0 Tarakimu Inapopotosha

Mama yangu mdogo hutumia insulini. Siku moja aliwamenyea watoto embe, kisha akajipima. Kifaa kikaonyesha 15.1. Alikuwa tayari ameshika sindano ili aongeze dozi nilipomsihi anawe kwa sabuni, akauke mikono, apime upya.

"Mwanangu, embe lenyewe sijalionja!" akateta.

Alipopima tena alipata 6.4. Dozi ile ya ziada ingeweza kuishusha glukosi yake hadi azirai. Alikuwa ameambiwa mara nyingi anawe mikono kabla ya kujipima, naye akadhani ni usafi tu. Kwake, sukari huingia mwilini kwa kuliwa. Hakuna aliyemweleza kwamba kimeng'enya hakitofautishi glukosi ya damu na ile ya embe iliyoganda kidoleni.

4.0 Hitimisho

Maelezo ya sehemu ya pili yamehitaji istilahi chache mno: kihisi, kimeng'enya, elektrodi, elektroni, mkondo na mjumbe. Baadhi tumezikopa, nyingine tumeziunda au kuzipa maana mpya, na zote zimetii sarufi yetu bila shida. Basi agizo la kunawa mikono lisiachwe bila sababu yake. Msomaji na ajaribu kumweleza jamaa mmoja anayejipima nyumbani safari ya elektroni hizo, kisha amsikilize akiieleza kwa maneno yake mwenyewe. Palipo na utata katika istilahi zetu, hapo ndipo atakapokwama.