Nguruzi, Gugu Maji na Kizibo cha Boti ya Jeti

Wanachama wenzetu, katika mkutano wa mwisho wa msimu uliopita wenzetu wa visiwa vidogo walileta ombi kwamba chama kiwasaidie kununua boti moja ya jeti iliyokwisha kutumika, ya kuchukulia magunia ya karafuu hadi bandarini. Wako walioiunga mkono hoja hiyo, na wako waliouliza jeti ni kitu gani. Halmashauri ikatutaka tuandike somo ili kila mmoja aje mkutano ujao akijua anachokipigia kura. Tumelikusanya kwa mafundi wetu wa hapa, na pia kwa wavuvi na wachukuzi wa Bukoba na Muleba, kwenye Ziwa Victoria, ambako tulikwenda kuwatembelea wakulima wa kahawa.

Tuanze na lile tulijualo sote, nalo ni nguruzi. Chombo hukusanya maji kwenye ngama, ya mvua na ya mawimbi. Kikipwelewa, nahodha huchomoa nguruzi, maji yakatoka yenyewe, kisha huirudisha kabla maji hayajajaa. Ni kipande cha mti kisichozidi urefu wa kidole, na juu yake hukaa mali ya nyumba nzima. Karafuu iliyolowa maji ya chumvi haianikwi ikarudi kuwa daraja la kwanza. Huumuka ndani ya gunia na kupauka, na pishi ulizochuma kwa wiki mbili zikashuka bei kwa asubuhi moja.

Ziwani hakuna kupwa na kujaa kama kwetu. Chombo hakipwelewi chenyewe, hivyo huvutwa mchangani kwa mikono ya watu wengi, au maji huchotwa kwa dumu lililokatwa. Wilaya ya Muleba ina visiwa vyake, kama Bumbire, Ikuza na Goziba, na watu wa huko huvuka na dagaa, ndizi na abiria kama wenzetu wa Kojani na Fundo wavukavyo. Katika mialo, ndivyo waitavyo madiko yao, tuliona mitumbwi ya mbao yenye kizibo nyuma, karibu na mkuku, na kila kizibo kimefungwa kamba hata kamba yenyewe imekuwa nyeusi. Tulidhani ni ubahili wa kuogopa kununua kingine. Mzee mmoja akatwambia, "Mwanangu, chombo kinaitwa ghafla. Huna wakati wa kutafuta kizibo."

Na kweli huitwa ghafla. Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilianguka ziwani karibu kabisa na kiwanja cha Bukoba. Waliotangulia kuifikia ni wavuvi kwa mitumbwi yao. Watu 24 waliokolewa, 19 wakafariki, Mungu awarehemu. Siku kama hiyo mtumbwi ambao nguruzi yake imesahauliwa nyumbani haumfai mtu.

Adui mwingine wa vyombo vya huko ni gugu maji. Mmea huu asili yake ni Amerika ya Kusini. Ulionekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na Mto Kagera, utokao pande za Rwanda na Burundi, umekuwa ukiuteremsha ziwani. Katika miaka ya 1990 ulifunga bandari na mialo mingi, mpaka wakaletwa wadudu wadogo jamii ya fukusi wanaoula. Umepungua, lakini haukwisha. Mashine ya kupachika nyuma hunyonya maji ya kujipozea kupitia matundu madogo yaliyo kwenye mguu wake. Mizizi ya gugu ikiyaziba, mashine huchemka, na asiyetazama kama inatema maji huiunguza. Mizizi hujisokota pia kwenye rafadha. Dawa yake ni kuzima, kuinua mguu, na kukata kwa kisu.

Sasa tufike kwenye jeti. Hatukuiona hata moja katika mialo tuliyopita, lakini gugu lile lilitufahamisha shida yake kuliko kitabu chochote. Boti ya jeti haina rafadha inayoning'inia nje. Chini ya tumbo lake, upande wa shetri, pana mdomo wenye wavu wa chuma. Maji huvutwa hapo, husukumwa na gurudumu la mapanga lililomo ndani ya bomba, na kutolewa nyuma kwa nguvu kupitia tundu jembamba. Nguvu hiyo ndiyo iendeshayo boti. Ilistawishwa miaka ya 1950 na William Hamilton wa New Zealand, aliyetaka kupita mito yenye mawe na maji haba. Mwaka 1960 boti zake ziliupanda Mto Colorado, Marekani, kupitia korongo lake kubwa. Basi kwa hori zetu za mikoko, maji yakipwa, wenzetu hawakukosea kuitamani.

Ila mdomo ule haubagui. Majani ya bahari, kamba, mfuko wa plastiki, hata mchanga, vyote humezwa. Kwa hiyo boti nyingi za namna hii zina tundu la kusafishia juu ya bomba, ambamo mtu hupitisha mkono na kutoa takataka bila kupiga mbizi. Tundu hilo huzibwa kwa kizibo kikubwa chenye pete ya mpira na komeo. Hicho ndicho kizibo chenyewe, nacho kina hatari kuliko nguruzi. Nguruzi hukabiliana na maji yaliyotulia. Hiki hukaa juu ya bomba ambamo maji yanapita kwa kasi, na kikikaa upande, huweza kurushwa na maji yakafuata ndani ya boti. Kikivuja kidogo tu, bomba huvuta hewa, mashine ikapiga kelele nyingi na boti isiende.

Kabla ya kukifungua, zima mashine na utie ufunguo mfukoni mwako wewe unayepitisha mkono, si mfukoni mwa mwenzio. Kisha tazama boti imekaaje. Tundu hutengenezwa ili mdomo wake uwe juu ya usawa wa maji boti ikiwa nyepesi. Ukiwa na magunia thelathini na watu wanne shetrini, usawa umebadilika. Ukifungua, bahari itaingia. Sogeza mzigo na watu waende omo, au usifungue mpaka ufike pwani.

Kila wiki ya kazi, toa kizibo, osha kwa maji baridi yasiyo chumvi, na pitisha kidole kwenye pete ya mpira. Ikiwa imepasuka, imekauka au imelala bapa, itupe. Pete nzuri ipakwe grisi ya silikoni kidogo. Grisi ya gari na mafuta ya nazi tusitumie, kwani iko mipira inayovimba kwa mafuta hayo. Chembe moja ya mchanga kwenye kikalio chake yatosha kuvujisha. Ukishuku hakikai sawa, fundi wetu hufanya hivi: hupaka masizi membamba kwenye kizibo kikavu, hukikaza, hukitoa, kisha hutazama kikalio. Pasipoguswa na masizi ndipo panapovuja.

Jambo wasilolijua wenzetu wa ziwani ni chumvi, maana maji yao ni matamu. Kwetu, bolti ya shaba ikitiwa kwenye bomba la alumini, chumvi huila alumini pole pole, na siku moja utavuta komeo ukaondoka nalo mkononi. Aliyepoteza bolti ya asili asitie yoyote iliyopo dukani.

Nguruzi za mti nazo zisisahauliwe. Ichongwe kwa mti laini kuliko ubao wa chombo, ili ikivimba isipasue ubao, na ivishwe kitambaa cha pamba kilichopakwa deheni. Mafundi hubishana kama ipigwe kutoka nje, ambako maji huikaza, au kutoka ndani. Sisi twapendelea ndani, kwa kuwa ikilegea safarini mkono waifikia. Na ya akiba ifungwe pembeni yake. Tundu likiwa limeoza, kuongeza kitambaa ni kujidanganya. Lichongwe mpaka ufikie mti mzima, litiwe kiraka, likalafatiwe, kisha litobolewe upya. Kwenye boti za faiba, kingo za tundu zipakwe gundi yake, kwani maji hupenya humo yakaozesha mbao za ndani.

Maoni yetu juu ya ombi ni kwamba jeti yafaa kwa hori, lakini hula mafuta mengi ikiwa na mzigo, na yataka mtu mmoja mwenye dhamana ya kizibo, si kila mtu na hakuna mtu. Mwenye boti amekubali kuipandisha pwani siku moja kabla ya mkutano. Fundi atakitoa kizibo mbele ya wanachama, naye atakayetaka apitishe mkono mwenyewe.